Zamu ya Alasiri Stesheni

Stesheni, 6 Februari

Mdogo wangu Mama Pacha,

Habari za huko? Habari za kazi, habari za miguu, habari za hao mabinti wawili wasiojua njia ya kwa mjomba wao? Mimi mzima, ukiacha goti la kulia ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya mawingu. Ningekupigia simu, lakini kila nikipiga uko kwenye mashine, na ukitoka kwenye mashine umechoka. Sikulaumu. Karatasi haina haraka, na unaweza kuisoma umelala.

Huku wamekuja watu. Wamezungushia uzio wa mabati mbele yote, wamepandisha majukwaa ya miti hadi kwenye mnara wa saa. Mkubwa wao ni mhandisi mwanamke, hajafika hata miaka thelathini na mitano, havui kofia yake ya plastiki hata akinywa chai. Mafundi wanamwita Bi Kofia. Kwa kuwa mimi ndiye mlinzi na ndiye niliyebaki wa enzi za treni, ananifuata na daftari kila nikigeuka. Lakini na mimi ananifunza. Kumbe yale matao saba ya mbele si urembo. Ndiyo yanayobeba ghorofa ya juu na kuutua uzito wake chini. Na zile nguzo za chuma za jukwaani ni tupu ndani, maji ya mvua ya paa yanateremka humo humo mpaka mtaroni. Miaka yote hii nilidhani ile sauti ya ndani ni panya.

Aliniuliza jengo limewahi kuwa nini tangu treni ikatike. Nikamwambia kaa chini, mama. Kwanza lilikuwa ghala, magunia ya nafaka yamepangwa hadi dari la chumba cha daraja la kwanza, sakafu ya vigae ikapasuka kwa uzito. Ukaja mwaka wa mafuriko, familia sitini zikaishi jukwaani, kila familia imepewa nafasi kati ya nguzo na nguzo, na mwanamke mmoja akajifungua chini ya dirisha la tiketi namba mbili. Kisha shule, watoto wanasoma hesabu wakiegemea ukuta wenye orodha ya nauli. Kisha popo. Popo ndio waliokaa kuliko sisi sote.

Sasa litakuwa makumbusho, pamoja na maktaba ndogo na mkahawa wa chai. Vyumba vingine vitabadilishwa, hilo si neno.

Nilichotaka ni hiki. Wanahitaji picha ya Baba akiwa amevaa sare ya ukuu wa stesheni. Ile ya kofia yenye ukanda mweupe, uliyoichukua wewe. Ukiweza itume.

Wasalimie mapacha. Ni mimi kaka yako.

*

Nyumbani, 2 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa. Mashine kubwa ya kukaushia imekufa tena, kwa hiyo mashuka mia tatu ya hospitali nzima tunayaanika uani, na mawingu nayo yanatuchungulia tu. Tupo watu wanne dobini, na mmoja ni mjamzito, simruhusu kuinua kitu. Nikirudi nyumbani vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni. Mwakani nastaafu. Nikisema neno hilo wenzangu wananipongeza, nami naona usingizi tu.

Mapacha wazima. Yule mkubwa, mkubwa wa dakika tisa, amehamishwa shule, anafundisha mbali zaidi. Mdogo bado yuko maabara, anapima damu za watu na hataki kuniambia kitu kuhusu mchumba wake. Kila mtu katika ukoo huu ana kabati lililofungwa.

Picha sina. Ilikuwepo, sasa haipo, na usiniulize ilikwenda wapi.

Lakini kaka, umeandika kurasa mbili za nguzo na popo, na Baba ukamweka mistari mitatu mwishoni, kama mtu anayeomba chumvi akiwa tayari mlangoni. Chini ya hiyo picha wataandika nini? Hukusema.

Jitunze goti.

Mama Pacha

*

Stesheni, 20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole na mashuka. Mwambie huyo mkubwa wenu wa hospitali aje aanike mwenyewe siku moja, mashine itapona mchana huo huo.

Mvua imeanza na kazi imesimama nje, ndani wanaendelea. Wiki hii wamevunja ukuta kati ya chumba cha kungojea cha daraja la kwanza na kile cha daraja la tatu. Unakumbuka? Daraja la kwanza walikuwa na mlango wao wa kuingilia toka barabarani, ili msafiri wa viti vya ngozi asigusane bega na mwenye kuku. Sisi wa daraja la tatu madirisha yetu yaliwekwa juu sana, ukikaa unaona mbingu tu, hujui treni imefika mpaka uisikie. Bi Kofia anasema mchoraji alifanya hivyo kwa makusudi. Sasa ni ukumbi mmoja, rafu za vitabu zitapita palipokuwa na ukuta. Nilisimama pale katikati kwenye vumbi, nikahisi kama nimevaa shati la mtu mwingine.

Umeniuliza wataandika nini. Nimenakili kutoka kwenye karatasi yao, sikuongeza wala kupunguza:

"Alasiri moja, garimoshi la abiria liliingia kwenye njia ya pili badala ya njia ya kwanza, likagonga mabehewa ya mizigo yaliyokuwa yamesimama. Watu tisa walifariki. Uchunguzi ulibaini kwamba Mkuu wa Stesheni alikuwa amemtuma mgeuza njia nje ya kituo kwa shughuli binafsi, naye mwenyewe akasahau kurudisha njia mahali pake. Aliachishwa kazi."

Ndivyo litakavyosema bango, karibu na mlango wa kuingilia jukwaani. Wanataka watoto wa marehemu watie sahihi kwamba hawana pingamizi. Tupo wawili tu. Fomu nimeiambatisha, fikiria taratibu.

Jambo jingine dogo: barua zako sasa zipitishe kwa fundi viatu aliye mkabala na geti. Posta hawaingii tena ndani ya uzio.

Kaka yako

*

Nyumbani, 11 Aprili

Kaka, shikamoo.

Huku tuko salama. Mashine imepona, mwenzetu mjamzito amejifungua mtoto wa kike, na mimi nina kikohozi cha unga wa sabuni ambacho daktari anakiita kwa jina refu.

Fomu nimetia sahihi. Sikufikiria taratibu, nilifikiria nikiwa nimesimama. Kwa nini niwe na pingamizi? Baba mwenyewe hakuwa nalo. Walimuuliza mbele ya watu, akasema ndiyo, ni mimi. Hakutafuta hata kisingizio cha homa.

Nataka nikuambie jambo ambalo hujawahi kuniuliza. Siku ile nilikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili, wa tatu darasani kati ya arobaini na wawili. Tulipewa mwezi mmoja tuhame nyumba ya reli. Mimi nikapelekwa kwa shangazi kulea watoto wake, "mpaka mambo yatulie." Hayakutulia. Vitabu vyangu nilivifunga kwa kamba nikaviweka juu ya kabati la shangazi, na kila mwaka nilivipangusa vumbi, kisha mwaka mmoja sikuvipangusa. Nilitaka kuwa daktari, kaka. Nimefika hospitali kweli, ila kwa mlango wa nyuma, na mashuka.

Na yote kwa sababu gani? Kwa sababu mtu mzima, mkuu wa stesheni mwenye saa mbili, ya mfukoni na ya mnarani, alikutuma wewe sokoni saa ya kazi kama mtumishi wake, kisha akasahau wenzo mmoja wa kugeuzia njia. Waandike. Waandike na kwa herufi kubwa.

Sasa nami nikuulize. Fundi viatu namjua, kibanda chake hakina hata mlango. Posta wanaingia kila mahali, hata mochari wanaingia. Unaishi wapi, kaka?

Mama Pacha

*

Kwa fundi viatu, 30 Mei

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako wiki saba. Niliibeba kwenye mfuko wa shati mpaka karatasi ikachoka kwenye mikunjo. Salamu zako nimezipata zote, za mtoto wa mwenzio nimefurahi, na kikohozi hicho usikidharau.

Ninaishi chumba cha nyuma kwa fundi viatu, tangu Machi. Kile chumba changu cha stesheni ndicho kitakachokuwa mkahawa. Nilisema si neno kwa kuwa sikutaka unionee huruma. Pale palikuwa chumba cha vifurushi. Nimeishi mle miaka ishirini na mbili, na hukuwahi kuniuliza kwa nini nilichagua chumba kile, wakati ghorofani kuna vyumba vinne vyenye upepo.

Fomu yako sikuipeleka. Ninayo hapa. Nimeandika mwanzo wa barua hii mara tano, na mara zote nimeishia kwenye hali ya hewa. Sasa nisikilize.

Siku ile sikuwa sokoni.

Zamu ya alasiri ilikuwa yangu. Saa nane niligeuza njia ya pili ili injini isukume mabehewa ya mizigo yakae kando. Nilipaswa kuirudisha mara tu yalipokaa. Lakini karani wa vifurushi alikuwa na redio, na ilikuwa siku ya mpira, ile mechi kila mtu aliyokuwa akiizungumzia. Nikasema niingie dakika mbili nisikie matokeo. Bao moja kwa moja, wamefungana. Nikaegemea mzani wa vifurushi. Nikasahau kama nilikuwa na mikono.

Honi ilipolia, miguu ilijua kabla ya kichwa. Nilikimbia. Nilipoushika wenzo, injini ilikuwa imeshapita juu ya makutano ya njia. Baba alikuwa amesimama jukwaani na bendera ya kijani, amenyoosha mkono, sare imepigwa pasi. Yeye alikuwa ananiamini.

Sitakuandikia yaliyofuata. Wewe uliyasikia ukiwa shuleni, sisi tuliyabeba kwa mikono.

Jioni kabla wakubwa hawajafika alinishika ukosi akaniingiza ofisini. Hakunipiga. Alisema, "Ulikuwa sokoni. Nilikutuma mimi. Sema hivyo na usiongeze neno." Nikasema, "Baba, watakufukuza." Akasema, "Mimi watanifukuza. Wewe watakufunga." Karani wa vifurushi alikuwa anasikia pale mlangoni, naye alinyamaza mpaka alipokufa.

Kwenye uchunguzi waliniuliza swali moja: ulikuwa wapi? Nikajibu neno moja. Miaka arobaini na minne neno hilo limekuwa likinila, na bado halijashiba.

Nikabaki kazini. Huenda hilo ndilo baya kuliko yote. Mwana wa aliyefukuzwa alibaki na filimbi na mshahara, hadi siku treni ya mwisho ilipoondoka.

Nilitaka utie pingamizi. Nilitumaini utakataa fomu, ili bango lisiwekwe nami niendelee kunyamaza. Ulipotia sahihi ndipo nilipojua nimemuua Baba mara ya pili, safari hii kwa mkono wako.

Sina la kuongeza.

Kaka yako

*

Kwa fundi viatu, 28 Juni

Mama Pacha,

Sijui kama barua yangu ya Mei ilifika. Kama ilifika, basi sawa. Kama haikufika, niambie, nitaiandika upya. Vigae vya sakafu wamevikarabati, vinang'aa. Mnara wa saa umepakwa chokaa.

Kaka

*

Nyumbani, 19 Julai

Kaka,

Leo sina salamu.

Barua ilifika. Niliisomea dobini, nikaikunja, nikaendelea na kazi mpaka saa kumi na moja. Siku ya pili nikafanya hivyo hivyo. Wenzangu walifikiri nimefiwa. Nikawaambia ndiyo, maana sikujua niseme nini kingine.

Wewe umeandika kama mtu anayemlilia Baba. Umelia vizuri. Lakini hesabu tena waliolipa. Baba alichagua. Alikaa ofisini mwake, akapima, akasema huyu mwana aokoke. Alipopima, mimi niliwekwa wapi? Nani aliniita akaniuliza, binti, tunataka kumwokoa kaka yako, na gharama yake ni vitabu vyako, unasemaje? Hakuna. Nilikuwa darasani najifunza moyo una vyumba vinne.

Pengine ningekubali. Hilo ndilo linalonitesa. Nilikupenda kiasi hicho, ningefunga vile vitabu kwa kamba mimi mwenyewe. Lakini ningejua kwa nini. Nisingemchukia mzee yule miaka arobaini na minne kwa kosa ambalo si lake, nikiwafundisha na wanangu wamchukie.

Mama alijua? Usinijibu kwamba hukumbuki.

Picha niliichoma. Siku ya harusi yangu. Sasa unajua.

Umesema huna la kuongeza. Unalo. Nenda kwa huyo mwanamke wa kofia umwambie ulichoniambia. Usiniandikie mpaka umefanya. Sitaki kuombwa msamaha kwa bahasha.

*

Kwa fundi viatu, 25 Agosti

Mdogo wangu,

Nimefanya. Ndiyo maana naandika.

Nianze na swali lako. Mama alijua tangu jioni ile ile. Tulipofika nyumbani, watu wamejaa uani, aliniita jikoni akasema, "Sokoni ulikwenda na nini?" Nikasema na kapu. Akanyoosha kidole. Kapu lilikuwa limetundikwa msumarini, kavu, lina vitunguu vya juzi. Alilishusha akalichoma kama kuni, ili mtu mwingine asije akaliona. Baada ya hapo aliniwekea chakula changu mbali na chake kwa mwaka mzima. Wewe ulikuwa umeshaondoka.

Bi Kofia nilimkuta ghorofani, anakagua boriti. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alivua kofia. Mara ya kwanza naziona nywele zake. Akaniuliza, "Mzee, una hakika unataka liandikwe?" Nikasema sitaki, lakini liandikwe. Akaenda kwa wakubwa wake. Wakamwambia ripoti ni ripoti, na mzee wa miaka sitini na mitano anaweza kukumbuka chochote. Bango likatundikwa kama lilivyokuwa, hata fomu zetu hawakuzingoja.

Ufunguzi ulikuwa Jumamosi iliyopita. Viti mia mbili jukwaani, utepe, kipaza sauti kinachopiga kelele. Nilikuwa nimepangiwa kupuliza filimbi, kwa vile mimi ndiye mtu wa reli pekee aliyebaki. Waliponiita nikaenda, nikapuliza, kisha sikuondoka kwenye kipaza sauti. Nilisema, "Bango lile lina uongo, na uongo huo ni wangu." Nikaeleza. Sikueleza vizuri, nilirudiarudia, na katikati nilisahau neno wenzo nikasema kile chuma. Msimamizi wa sherehe alinivuta mkono, Bi Kofia akamwambia mwache. Nikawataja wale tisa, mmoja mmoja. Kisha hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea. Mgeni rasmi akasoma hotuba yake kana kwamba nilikuwa mvua iliyopita.

Watu walipokuwa wanakunywa chai, mle mle kwenye chumba cha vifurushi, alinijia mama mmoja mzee anayetembelea mkongojo. Mume wake alikuwa kwenye behewa la pili. Nikajiandaa kupigwa. Akasema, "Baba yako alikuwa akinisalimia kila siku njiani, miaka minne mpaka alipokufa. Kila siku. Nami nageuza uso, natema mate chini." Nikasema, "Mama, nisamehe." Akasema, "Mimi sikuja kwa hayo. Nimekuja kukuambia kwamba leo umenitua mzigo mmoja na kunitwisha mwingine, na huu wa pili mgongo wangu hauuwezi." Akaondoka. Nilitaka kumsindikiza akakataa mkono wangu.

Wapo wasionisalimia sasa. Mwana wa mmoja wa wale tisa alikuja kwa fundi viatu, akasimama nje muda mrefu, akaenda zake. Kazi ya ulinzi wamenipumzisha. Jana bango limeteremshwa. Bi Kofia anasema watalirudisha na maelezo mawili, ya ripoti na ya kwangu, na msomaji atachagua. Nikamwambia asiyape uzito sawa. Akasema atajitahidi.

Kukuomba msamaha kwa bahasha ulikataza. Basi sikuombi. Nimechoka, mdogo wangu, lakini nalala.

Kaka yako

*

Nyumbani, 9 Septemba

Kaka, shikamoo.

Kikohozi kimepungua. Mapacha walikuja wote wawili Jumapili, nikawakalisha mezani nikawaeleza. Yule wa maabara alilia. Yule mwalimu hakulia, aliuliza swali la kiualimu: "Basi babu alikuwa mtu wa namna gani?" Nilifungua mdomo, nikakuta sina jibu. Miaka yote hii nilikuwa nalo tayari, fupi, na sasa halifai. Nikawaambia nitaulizia.

Kwa hiyo nimeomba likizo. Nimepewa siku kumi na nne. Nitafika Jumatano, basi la asubuhi. Usije kunipokea na goti lako hilo, nitauliza kwa fundi viatu mwenyewe. Mwambie mkewe asihangaike, nitalala hata chini.

Usidhani nakuja na msamaha kwenye mkoba. Nakuja na hasira yangu nzima. Nitakula chakula chako nikiwa nayo, na tukicheka tutacheka ikiwepo. Ila kuibeba kwa barua kumenichosha mkono, na nyumba yetu tumebaki wawili.

Siku ya kwanza niache nilale. Siku ya pili unipeleke alipozikwa Baba. Nilipoletewa habari nilisema siji, nikaendelea kufua nguo za watoto wa shangazi. Kwa hiyo itabidi utangulie wewe. Mimi sijui ni wapi.

Mdogo wako